"Haina risasi hiyo", na mengine wanayoamini wenye silaha wapya

Ukifuatilia habari za watu waliojipiga risasi au kumpiga ndugu kwa bahati mbaya, kuna maneno yanajirudia karibu kila mara: "nilijua haina risasi." Sio majambazi hao. Ni watu wa kawaida kabisa, wamepata silaha kihalali, wamekaa nayo mwezi, mwaka, hakuna kilichotokea wakajiona wameshaijua, alafu siku moja inatokea. Na inauma zaidi kwa sababu matukio hayo yalikuwa yanazuilika, tena bila kununua kitu chochote cha ziada. Naandika yale ambayo wengi wanaamini na ukweli wake ulivyo, na ntakaa sana kwenye hili la kwanza maana ndo limezika watu wengi.

"Nimetoa magazini, kwaiyo iko tupu"

Sio kweli hata kidogo. Bastola ya magazini ina sehemu mbili za kukaa risasi, kuna magazini yenyewe, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, na kuna chemba, yaani pale nyuma ya mtutu ambapo risasi inakaa tayari kufyatuliwa. Ukitoa magazini umeondoa zile za akiba tu. Ile ya kwenye chemba ipo palepale, huioni, na kwa bastola nyingi sana itatoka kama kawaida hata kama magazini umeiweka mezani mbele yako. Zipo chache zimetengenezwa zisifyatue bila magazini, lakini mtu aliyezoea hiyo akija kushika nyingine isiyo na hicho kitu anacheza na maisha ya watu.

Alafu kuna suala la mpangilio, na hapa hata wanaojua habari za chemba wanakosea. Ukivuta slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, kwanza ndo utoe magazini, ile risasi ya chemba inaruka nje, unaiona kabisa imedondoka chini, roho inatulia, lakini slaidi iliporudi mbele ilibeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini ikaiweka chemba. Sasa unatoa magazini. Una bastola haina magazini, umeona risasi ikitoka kwa macho yako mawili, na ndani kuna risasi. Mtu wa hivyo ukimwambia ina risasi anakubishia na kuapa juu yake.

Mpangilio wenyewe ni huu, mdomo wa silaha uelekee mahali ambapo hata ikilia haimdhuru mtu, kidole kiwe nje ya triga, toa magazini kwanza, ndo uvute slaidi mara mbili tatu, uizuie ibaki wazi, uchungulie chemba kwa macho, na kama pana giza ingiza kidole kidogo uguse. Kidole kitakutana na tundu tupu au kitakutana na kitako cha risasi. Magazini ikirudishwa kabla hujaangalia, anza upya.

Mwaka 1978 Terry Kath, mpiga gitaa wa bendi ya Chicago na mtu aliyependa silaha, sio mgeni nazo, alikuwa anachezea bastola nyumbani kwa mwenzao. Alivyoambiwa awe makini akamtoa hofu mwenzake akamwonyesha magazini haina kitu, akaielekeza kichwani kwake, ikalia. Risasi ilikuwa kwenye chemba. Alikuwa na miaka 31.

"Si nimeikagua mwenyewe, sasa shida iko wapi?"

Shida ni kwamba ulikagua dakika tano zilizopita, simu ikaita, ukaiweka, ukaongea, ukarudi. Au ulikagua wewe ukampa mwingine, naye akakuamini. Jeff Cooper, yule Mmarekani aliyefungua shule ya silaha Arizona mwaka 1976, ndo aliyezipa umaarufu zile kanuni nne ambazo leo zinafundishwa karibu kila mahali: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usielekeze mdomo wake kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kisiingie kwenye triga mpaka umeshalenga na umeamua kupiga, na ujue unacholenga na kilichopo nyuma yake. Watu wanazisoma kama mapambo ya ukutani. Ukizitazama vizuri utaona zinalindana, yaani ukikosea moja nyingine inakuokoa. Umesahau risasi kwenye chemba lakini mdomo ulikuwa unatazama pasipo na mtu, umetoboa sakafu na kupata aibu, basi. Ili mtu afe kwa kawaida inabidi uvunje zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Ndo maana mi sipendi kabisa kusikia "hii haina kitu" kama ruhusa ya kumwelekezea mtu, iwe kwa utani, kwa picha, au kwa kuonyesha jinsi inavyolengwa.

Na ukipewa silaha na mtu yeyote, hata kama ni askari wa miaka mingi, ikague tena mbele yake. Hamna dharau hapo, anayeijua kazi atakushangaa usipofanya hivyo. Mwaka 2021 kule New Mexico, Halyna Hutchins, msimamizi wa kamera wa filamu, aliuawa wakati wa mazoezi ya kuigiza na bastola ambayo ilitangazwa kwa sauti kuwa haina hatari. Ilipita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akiamini aliyemtangulia ameangalia.

"Ililia yenyewe"

Zipo hitilafu za kiwandani, ndiyo, na kuna silaha chakavu au za zamani ambazo zikidondoka zinaweza kulia. Lakini mara nyingi zaidi silaha iliyolia "yenyewe" ilikuwa na kidole kwenye triga. Bastola nyingi za kisasa triga yake inahitaji nguvu ya kilo mbili hadi tatu tu, na mkono wa mtu mzima unaweza kubana kwa makumi ya kilo bila hata kukaza meno. Sasa mwili una tabia yake, ukishtuka vidole vinajikunja, ukiteleza vinajikunja, na ukikaza mkono mmoja, mfano umeshika mlango kwa nguvu au unamvuta mtu, ule mwingine nao unakaza bila wewe kuuagiza. Haya hayazuiliki kwa ujasiri, mwili wa binadamu ndo ulivyo. Kinachozuilika ni kidole kuwa pale. Kikae kimenyooka ubavuni mwa bodi ya silaha, nje kabisa ya triga, na kikae hapo mpaka mkono uzoee hivyo wenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo ikikuponyoka usiidake. Iache ianguke. Bastola nyingi za sasa zimetengenezwa zistahimili kudondoka, ila mkono unaoparamia kitu hewani unakamata popote, na popote panaweza kuwa triga. Na wale wanaochomeka kiunoni bila holsta, yaani mfuko maalumu wa bastola, au kwenye begi pamoja na funguo na kalamu, wajue triga haitofautishi kidole na funguo. Hata kamba ya jaketi ikiingia kwenye holsta wakati unairudisha inatosha kabisa.

"Sefti iko on"

Sefti, kile kizuizi cha kufanya silaha isipige, ni kipande cha chuma, kinachakaa, kinaingia uchafu, kinasogezwa na nguo bila wewe kujua. Bastola nyingine hazina kabisa kile kitufe cha pembeni, ulinzi wake uko kwenye triga yenyewe, kwaiyo ukiibonyeza triga umeshautoa na kuipiga hapohapo. Rivolva, zile bastola zenye silinda ya matundu inayozunguka, nyingi nazo hazina sefti ya kubonyeza. Tumia sefti kama ipo, lakini usiitumie kama sababu ya kuelekeza mdomo mahali ambapo usingeelekeza.

Nikiwa hapo kwenye rivolva, kuna dhana moja naiona mbaya sana kwa sababu inaonekana ya akili. Mtu anaacha tundu moja tupu, analiweka mbele ya nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, alafu anasema ukivuta triga mara ya kwanza hailii. Inalia. Ukivuta triga au ukirudisha nyundo nyuma silinda inazunguka kwanza, tundu linalofuata ndo linakuja mbele ya nyundo, kisha inapiga. Lile tundu tupu lilikuwa linasaidia kwenye rivolva za zamani, za mtindo wa 1873, ambapo nyundo iliyolala juu ya risasi ikigongwa au ikidondoka inaweza kulia. Linasaidia silaha ikidondoka, halina uhusiano wowote na mtu kuvuta triga.

"Nilipiga juu tu, kutisha"

Iliyopanda itashuka. Risasi ya raifo iliyopigwa wima ikirudi chini inashuka kwa takriban mita 90 kwa sekunde, na kutoboa ngozi ya binadamu kunahitaji takriban 60. Na hiyo ni ikipanda wima kabisa, kitu ambacho mtu mwenye furaha au hofu hakifanyi, anapiga kwa kuinamisha, na hapo risasi inasafiri kwa upinde wake ikiwa bado na kasi kubwa kuliko hiyo. Hata kale karisasi kadogo ka .22 ambako watu wanakaita ka kuchezea kanaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Huko kuna watu wanaanika nguo. Ukipiga majini au kwenye mwamba kwa pembe ya chini risasi inadunda na kuendelea na safari, na ukuta mwembamba wa mbao au jipsamu hauizuii, kwaiyo ukisema "nililenga ukutani" uwe unajua upande wa pili analala nani.

Risasi baridi, zile za sauti tu, nazo zinaua zikipigwa karibu na mwili, maana gesi inayotoka mdomoni ina nguvu ya kuvunja mfupa. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijielekezea kichwani silaha yenye risasi ya aina hiyo akiwa kazini akadhani ni mchezo, akafariki siku chache baadaye.

"Imegoma, ngoja niangalie"

Umevuta triga, ikasema "tik", kimya. Mgeni anafanya nini? Anaigeuza achungulie. Usifanye hivyo hata siku moja, kuna risasi zinachelewa kuwaka, zinakaa kidogo ndo zinalipuka. Baki umeelekeza kwenye shabaha, hesabu angalau sekunde 30, ndo utoe magazini na kufungua. Na ukisikia mlio hafifu, na silaha ikarusha teke dogo kuliko kawaida, simama hapohapo, usipige nyingine. Inawezekana kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga ya pili mtutu unapasuka mikononi mwako.

"Wanangu nimewafundisha, na hawajui ninapoificha"

Hapa naomba wazazi wasome taratibu. Mwaka 2001 ulichapishwa Marekani utafiti ambao wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa kwenye chumba, wawili wawili au watatu, na kwenye droo ilifichwa bastola halisi isiyo na risasi. Wengi waliikuta, wengi wa walioikuta waliishika, na baadhi wakavuta triga. Sio watoto watundu wasiofundishwa, wengi wao walikuwa wameshapewa mafunzo ya usalama wa silaha, na karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli. Kumfundisha mtoto ni vizuri, mfundishe asiguse, aondoke, amwite mtu mzima, ila usihesabu hilo kuwa ndo ulinzi wako. Mtoto anajua nyumba kuliko wewe. Anajua juu ya kabati, anajua chini ya godoro, anajua lile begi ambalo huwa unalisogeza ukidhani amelala.

Silaha ikae imefungwa, haina risasi, risasi nazo zifungwe pengine, na funguo usiziache kwenye msumari ule ambao kila mtu anaujua. Anayesema "nikivamiwa sitaiwahi" wapo masanduku madogo yanayofunguka kwa namba au alama ya kidole ndani ya sekunde chache. Na kama kuna mtu mle ndani anapitia kipindi kigumu, amekata tamaa, kufuli hiyo ina kazi kubwa kuliko ya mwizi, na kuitoa silaha nyumbani kabisa kwa muda ni bora zaidi.

"Nimeshaangalia video, nyingine ntajua mbele ya safari"

Video haikuonyeshi mkono wako unafanya nini ukishtuka. Na masikio pia hayazoei, yanakufa tu, maana silaha nyingi zinapiga sauti ya desibeli 140 na kuendelea, na mlio mmoja wa karibu bila kinga unaweza kukuachia mlio wa sikio maisha yako yote. Tafuta mtu anayejua, nenda kwenye uwanja wa shabaha, vaa kinga ya masikio na miwani.

Ukifika huko utaona wakufunzi wazuri wanamwekea mgeni risasi moja tu kwenye magazini. Wengine wanaona ni kubaniwa. Sababu yake ni kwamba mgeni akipiga ya kwanza na ikagonga shabaha anafurahi, na akifurahi anageuka na mwili wote, mikono imenyooka, kidole bado kwenye triga, kuwauliza waliosimama nyuma yake kama wameona.