Umeme wa jua na upepo ni rahisi kweli, ila bei mnayoonyeshwa inaishia getini

Kila matokeo ya mnada wa umeme wa jua yakitoka, yaani pale kampuni zinaposhindana nani atauza umeme kwa bei ya chini zaidi, huwa natumiwa meseji za aina moja, kwamba jua sasa limekuwa bei ya chini kuliko makaa ya mawe, sasa mbona bili hazishuki? Swali ni zuri na linastahili jibu refu. Mi kazi yangu ni kupiga hesabu za mikataba ya umeme, yaani nasoma vile vipengele ambavyo watu huvirukaga, na nina mashaka, tena mengi, lakini hayako kwenye paneli wala kwenye pangaboi za upepo. Mashaka yangu ni hesabu wanazoonyeshwa wananchi na siasa za nani anabebeshwa mzigo.

Kwanza kilicho kweli tukikubali. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90, na hakuna mtambo mwingine wa kuzalisha umeme uliowahi kushuka hivyo kwa kasi hiyo. Anayekwambia jua bado ni ghali kwenye kuzalisha amebaki nyuma miaka mingi. Shida inaanza kwenye kipimo. Ile bei inayotangazwa ni gharama ya wastani, unachukua pesa yote ya kujenga na kuendesha mtambo maisha yake yote halafu unagawa kwa uniti zote utakazozalisha. Hiyo ni bei ya getini kwa mzalishaji, yaani umeme ukiwa bado unatoka kwenye mtambo, kabla haujasafirishwa mpaka kwako. Na inachukulia kwamba uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa mbili usiku ni kitu kimoja, wakati kwenye gridi hazifanani hata kidogo, kwa sababu umeme unaozalishwa na unaotumika lazima viwiane kila sekunde, vikipishana frikwensi inayumba na mitambo inaanza kujizima yenyewe.

Wasimamizi wa gridi ya California walilichora hili mwaka 2013, mchoro wenye umbo la bata ambao umekuwa maarufu sana: mchana mahitaji yanayobaki kwa mitambo mingine yanazama kwa sababu jua limejaa, halafu jioni jua linazama na watu wanarudi nyumbani, mstari unapanda kama ukuta. Sasa fikiria umeongeza paneli nyingine elfu kumi. Zote zitazalisha saa ileile ambayo tayari kuna umeme wa kumwaga, kwa hiyo kila paneli mpya inakuta soko limeshiba zaidi kuliko iliyotangulia, gharama yake inashuka lakini na thamani ya umeme wake inashuka pia, na mara nyingine thamani ndo inashuka haraka zaidi. Ujerumani mwaka 2024 ilikuwa na saa 457 ambazo bei sokoni ilikuwa chini ya sifuri, maana yake mzalishaji analipa ili umeme wake uchukuliwe. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, upepo ulitulia na mawingu yakafunga, bei ya jioni ikafika karibu euro 936 kwa megawati moja kwa saa moja. Wastani wa getini haukuonyeshi lolote kati ya hayo mawili.

Pengo hilo lazima lijazwe na kulijaza ni pesa. Kuna betri, kuna laini ndefu za kusafirisha umeme, kuna mitambo ya gesi inayokaa standibai na kulipwa hata isipozalisha, ni kama kumlipa dereva mshahara kamili hata siku ambazo gari limelala. Betri bei yake inashuka vizuri sana na kwa pengo la jioni, la muda wa kama masaa manne hivi, naamini zitamaliza kazi, hasa nchi za karibu na ikweta ambako jua halibadiliki sana mwaka mzima. Nchi za kaskazini zenye wiki mbili za baridi bila upepo wala jua ni habari nyingine kabisa. Ndo maana napata tabu mtu akichukua bei ya jangwani akaihamishia Ulaya ya Januari, au akachukua matatizo ya Ulaya akayafanya sababu ya kuwanyima watu wa tropiki paneli.

Halafu riba. Hili halizungumzwi vya kutosha na mi naona ndo kubwa kuliko yote. Mtambo wa gesi gharama yake kubwa ni gesi yenyewe, unalipa kidogokidogo unavyochoma. Mtambo wa jua unalipa karibu zote siku ya kwanza, maana yake unanunua mtaji kuliko unavyonunua umeme. Chukua mfano wa hesabu tu: megawati 1 ya jua iliyojengwa kwa dola milioni 1, inazalisha uniti 1,750,000 kwa mwaka, mkopo wa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 4 unarejesha kama dola 64,000 kwa mwaka, uniti inabeba senti 3.7. Kwa riba ya asilimia 12 unarejesha kama dola 127,500, uniti inabeba senti 7.3. Paneli zilezile, jua lilelile, fundi yuleyule, bei mara mbili. Nchi maskini ndo zinakopa kwa riba ya juu, halafu wanakuja washauri na bei ya nchi tajiri kwenye slaidi wakisema mnachelewa nini.

Sasa siasa. Ujerumani walipitisha sheria yao mwaka 2000, ukizalisha umeme wa jua au upepo unahakikishiwa bei maalum kwa miaka 20. Dunia nzima inawadai shukrani, soko walilolijenga ndo lilifanya viwanda, hasa vya China, vipanuke mpaka paneli zikawa rahisi. Lakini angalia nani alilipa. Tozo iliwekwa kwenye kila uniti ya mtumiaji, mwaka 2017 ikafika senti 6.88 za euro, na viwanda vikubwa vinavyokula umeme mwingi vikapewa punguzo kubwa, kwa hiyo mzigo ukazidi kwa mama anayefua nguo nyumbani na duka dogo la mkate. Julai 2022 tozo ikafutwa, wanasiasa wakasema bili imepunguzwa. Gharama haikufutwa, ilihamishwa kutoka kwenye bili kwenda kwenye bajeti ya serikali, mlipaji ni yuleyule amebadilishiwa karatasi tu.

Hispania ilikuwa mbaya zaidi. Bei za ukarimu walizoahidiwa wazalishaji 2007 zilifanya mwaka 2008 peke yake zisimikwe zaidi ya megawati 2,500 za jua, halafu serikali haikutaka kupandisha bili za wananchi ili kulipia, ikaacha deni lilimbikizane kwenye sekta mpaka likapita euro bilioni 25. Kilichofuata ni kukata malipo kwa mitambo iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wa nje wakakimbilia mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa wakiwa na mkataba unaowalinda, kesi zikaenda miaka na miaka, lakini Mhispania wa kawaida aliyeweka akiba yake kwenye shamba dogo la paneli hakuwa na mlango huo, mkataba ule unamlinda mgeni dhidi ya serikali na yeye ni mwenyeji. Hapa huwa nakasirika kwa kweli, kwa sababu yule mtu aliamini tangazo la serikali yake mwenyewe.

Kwa Afrika mfano ninaourudia ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit, Kenya. Upepo wa pale ni wa hali ya juu, mitambo 365, megawati 310, kiufundi ni mradi mzuri. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012 ikihofia kwamba mnunuzi, yaani shirika la umeme la Kenya, atabanwa na mkataba kulipia umeme asioweza kuutumia, mradi ukaendelea. Mitambo ikawa tayari 2017 lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda kituo cha umeme cha Suswa haikuwepo, mkandarasi wa Hispania alifilisika, laini ikawashwa Septemba 2018. Mwekezaji kwa mkataba wake alidai alipwe kwa umeme ambao ungezalishwa, na alikuwa na haki hiyo, sehemu ikalipwa na serikali na sehemu ikaingizwa kwenye bei ya uniti. Na bei yenyewe iko kwa euro, shilingi ikishuka anayebeba ni mteja. Oktoba 2021 mahakama ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu, jamii za wafugaji hazikushirikishwa inavyotakiwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye bei ya getini.

Waingereza nao mwaka 2023 waliweka bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kwenye mnada wa upepo wa baharini kuwa pauni 44 kwa megawati-saa, kwa bei za 2012 (yaani bila kuhesabu mfumuko wa bei tangu hapo), hakuna kampuni hata moja iliyoleta zabuni ya upepo wa baharini. Vyuma vilikuwa vimepanda na riba imepanda. Mnada uliofuata wakapandisha dari hadi pauni 73, kampuni zikarudi. Serikali ilikuwa imezoea kutangaza bei inayoshuka kila raundi mpaka ikasahau kwamba bei inatokana na gharama.

Na paneli za juu ya paa: mwenye nyumba akifunga paneli na kuuza ziada kwa bei kamili ya rejareja, anaacha kuchangia nguzo na waya na transfoma ingawa usiku anavitumia vilevile, na mchango wake unahamia kwa mpangaji asiye na paa. California walibadilisha utaratibu huo Aprili 2023, malalamiko yakawa makubwa, ila kimsingi walikuwa sahihi japo nadhani walikata kwa ghafla mno.

Sitaki mtu wa upande wa pili, anayepinga jua na upepo, achukue haya akakimbia nayo. Texas Februari 2021 baridi iliangusha gridi na wanasiasa wakasimama kwenye televisheni kulaumu upepo, wakati sehemu kubwa ya umeme uliopotea ilikuwa ya gesi, visima na mabomba viliganda. Ulikuwa uongo na watu walikufa. Ruzuku za mafuta, gesi na makaa nazo zilipita dola trilioni 1 duniani mwaka 2022 kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, kwa hiyo anayelia ruzuku za jua peke yake hajafungua daftari zima. Na moshi wa makaa ya mawe unalipiwa na mapafu ya watu, hauko kwenye bei ya getini pia.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mradi fulani wa jua au upepo ni mzuri huwa siangalii senti za kwenye tangazo. Naomba mkataba. Naangalia laini anajenga nani na ikichelewa analipa nani, malipo ni kwa fedha gani, umeme usipohitajika unalipiwa au haulipiwi, jioni inajazwa na nini na hiyo bei iko kwa nani, riba ni ngapi, ardhi ni ya nani kabla ya mradi. Nchi nyingi mikataba hii ni siri ya kibiashara, mnunuzi ni shirika la umma na mlipaji ni mwananchi lakini mwananchi haruhusiwi kuisoma, na mi naona kama mbunge wako ana muda wa kukata utepe kwenye uzinduzi basi ana muda wa kudai mkataba uwekwe mezani kabla haujasainiwa, mwandikieni.