Ramani takatifu ni nini, na mbona haikuonyeshi njia

Ukisema ramani mtu anafikiria kitu cha kumtoa alipo kumfikisha anakokwenda, basi. Ramani takatifu kazi yake nyingine kabisa, ndo maana mtu akiikuta kwa muuza vitu vya kale anaiangalia kidogo anacheka, anasema hawa wazee walikuwa hawajui kuchora, milima iko kama vichuguu, alafu Mfalme Daudi na Pilato wanaishi mji mmoja siku moja. Kuchora walijua vizuri tu, ila walikuwa hawachori barabara.

Ramani takatifu ni mchoro wa mji wa ibada, mara nyingi Yerusalemu, uliochapwa na mapadri, watawa au wamisionari ili mtu asali nao na aone kwa macho yale anayoyasikia kanisani. Njia za kupita ni jambo la pembeni. Wenye Dalailul Khairat nyumbani, kile kitabu cha kumsalia Mtume, watanielewa haraka, zile nakala zenye picha ya Makka na Madina, hakuna anayeifungua ili ajue akashukie wapi, anaifungua amsalie Mtume huku roho yake iko kule.

Nichukue ramani mbili zilizopishana miaka sita tu, maana zinaonyesha pande zote mbili za jambo hili.

Ya kwanza ni ya 1578, ya Antonino de Angelis, mtawa wa shirika la Wafransisko. Wafransisko wako Nchi Takatifu tangu 1217, na mwaka 1342 Papa Klementi wa Sita akawapa rasmi kazi ya kutunza mahali patakatifu, kwa hiyo hao ndo walikuwa wenyeji wa kila hujaji aliyetoka Ulaya, wanampokea, wanamlaza, wanamzungusha mjini wanamwambia hapa ilitokea hivi na pale ikatokea vile. De Angelis aliishi Yerusalemu miaka minane akiwa kwenye kazi hiyo, aliporudi Roma ramani ikachapwa. Alichora alichokiona, pamoja na ule ukuta wa Sultani Suleiman uliokamilika 1541, ukuta ambao kwa wakati wake ulikuwa bado mpya. Juu ya mchoro akatia namba kama tisini hivi na kila namba ina maelezo yake, yaani ni ule mzunguko wa mtawa anayetembeza wageni, sema umewekwa kwenye karatasi. Cha ajabu kwa muda mrefu nakala ya ramani hii ilikuwa haionekani kabisa, wataalamu wanaisikia jina tu, mpaka moja ikaibuka karne ya 20.

Ya pili ni ya 1584, imechapwa Cologne, ya padri Mholanzi wa Delft anaitwa Christiaan van Adrichem, na huyu sasa Yerusalemu hakuwahi kukanyaga hata siku moja. Alikaa na Biblia, na maandishi ya Yosefo yule mwanahistoria Myahudi, na habari za mahujaji waliotangulia, akaujenga mji kichwani kwake namna ulivyokuwa enzi za Yesu. Mashariki ameiweka juu, Mlima wa Mizeituni uko kule juu na Kalvari iko huku chini nje ya ukuta, na sehemu zilizotiwa namba zinapita 250! Humo ndani utakuta mambo ya Agano la Kale na Jipya yamepangwa pamoja kama vile hakuna miaka elfu moja katikati yao.

Hapo ndo watu wanapokosea wanasema ramani ya pili ni ya uongo. Mimi naona ukiwa unataka kuielewa dhana hii vizuri anza na hiyo ya pili. Ramani ya kawaida inakuambia mahali gani pako wapi, lakini ramani takatifu inakuambia pia lini, na hizo lini zote inaziweka kwenye karatasi moja kwa sababu kwa anayesali zote ziko sasa hivi, ukisoma mateso Ijumaa Kuu husemi haya yalipita zamani, unasoma kama unayaona.

Na Adrichem alikuwa na watu wake wa kuwafikiria. Kabla vurugu za dini hazijamtoa Delft alikuwa mlezi wa masista wa monasteri ya Mtakatifu Barbara, watu ambao kusafiri kwenda hija ilikuwa ni ndoto. Katika kitabu kilichokwenda na ramani yake akaipanga njia ya Yesu toka kwa Pilato mpaka Kalvari kwa vituo 12, na kati ya kituo na kituo akaandika hatua ni ngapi. Hatua kabisa za mguu! Maana yake mtu wa Ulaya angeweza kuzipima bustanini kwake au kwenye ukumbi wa watawa, akatembea umbali uleule huku anasali. Kitabu kikatafsiriwa kwa lugha nyingi na ni mojawapo ya vilivyoisambaza ibada ya Njia ya Msalaba, ambayo vituo vyake 14 tunavyovijua leo vilithibitishwa na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731. Kwa hiyo ukipiga magoti kituo hadi kituo Ijumaa za Kwaresima, kuna kipande cha ile ramani hapo.

Kosa moja ambalo si la ibada, ni la kutojua au kutotaka kujua, ni lile la majina. Kwenye ramani nyingi za zamani za Ulaya ile Kuba ya Mwamba, iliyojengwa na khalifa Abdul Malik ikakamilika kama mwaka 691 au 692, imeandikwa Hekalu la Sulemani. Jengo la Waislamu limechorwa vizuri, kuba lake lipo, jina limewekwa lingine.

Kuhusu uchapaji wenyewe niseme kidogo maana wanunuzi wanaibiwa. Ramani za wakati ule nyingi zilichongwa kwenye bamba la shaba, fundi anachonga kinyume, wino unaingia kwenye mitai, karatasi iliyoloweshwa inagandamizwa kwa nguvu mpaka kingo za bamba zinaacha alama kama fremu iliyobonyea. Pitisha kidole utaisikia. Rangi inapakwa baadaye kwa mkono. Ukichukua kioo cha kukuza ukaona vidoti vidogo vidogo vya rangi vimejipanga, hiyo ni kopi ya juzijuzi, usitoe hela ya kale. Na walikuwa wanaigana sana, ile ya Adrichem miaka minne tu ikaingia kwenye kitabu kikubwa cha miji cha Braun na Hogenberg.

Karne ya 19 mambo yakabadilika. Wafransisko wakafungua kiwanda chao cha chapa hukohuko Yerusalemu mwaka 1847, na wamisionari wa Kiprotestanti nao wakaja na kamba za kupimia. James Turner Barclay, daktari mmisionari Mmarekani aliyefika 1851 (huyuhuyu aliwahi kuinunua nyumba ya Rais Jefferson, Monticello, akajaribu kufuga nondo wa hariri ikashindikana), aliupima mji mwenyewe, ramani yake ikatoka Philadelphia mwaka 1856. Hizi sasa zina vipimo vya kweli, lakini ndani bado anatafutwa Yesu, kila kisima kinaulizwa wewe ni wa aya ipi. Tofauti yake utaiona ukiilinganisha na ile ramani ya Rebmann na Erhardt, wamisionari wa huku Mombasa, iliyotoka miaka hiyohiyo ya 1855 na 1856 ikiwa na ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika kutokana na habari za watu wa misafara. Hiyo ni ramani ya wamisionari, ila sio ramani takatifu, hakuna anayesali nayo.

Nyingine ya kutazama ni ile iliyo kwenye kitabu cha George Williams cha 1849. Williams alikuwa kasisi wa Kianglikana, alikwenda Yerusalemu na askofu Alexander, na ramani yake ilitokana na vipimo vya wanajeshi wahandisi wa Uingereza vya 1841. Humo mji wa ndani ya ukuta umegawanywa kwa dini, mtaa wa Waislamu, wa Wakristo, wa Waarmenia, wa Wayahudi. Wenyeji walikuwa na mitaa mingi midogo yenye majina yake, Bab Hutta, Saadiyya na mingineyo, na humo majirani walichanganyika. Ramani za watalii za leo bado zina rangi nne, moja kwa kila mtaa wa ule mgawanyo, na Bab Hutta ukiitaka itabidi uulize mtu.