Kiarabu cha madrasa zetu za Kusini: yanayosemwa na ukweli wake

"Amehitimu Kurani, basi Kiarabu anakijua."
Hili husemwa kwa nia njema, na ndilo linalotukwamisha zaidi. Mtoto wa Mikindani anaweza kusoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa tajwidi safi, ghunna (sauti ya puani) na madda (kuvuta sauti) mahali pake, na bado ashindwe kusema kwa Kiarabu kwamba mama yake ameenda sokoni. Tajwidi ni elimu ya kutamka. Kuelewa kunataka msamiati, sarufi na mazungumzo. Walimu wetu, nawaombeni: mkishasikiliza sura, tengeni walau robo saa ya kuulizana habari tu.

"Mambo ya kwetu yanaharibu somo."
Eti Kiarabu lazima kiende na jangwa na ngamia! Mtwara msimu wa korosho ukiingia, watoto wenyewe wako shambani wanaokota. Hapo mwalimu ameshapata vitenzi vya mwezi mzima: okota, anika, hesabu, pima, uza. Tena kwenye kupima ndipo adabu inapoingia bila kulazimishwa, kwa sababu Suratul Mutaffifin, inayowakemea wanaopunja vipimo, imo humo humo ndani ya Juzuu Amma. Mtoto keshaihifadhi. Keshaona pia baba yake akikodolea macho mzani wa chama cha msingi cha ushirika, gunia likiwa juu yake. Mwelezeni maana ya aya ya kwanza siku hiyo muone atakavyoshtuka.

"Bila fimbo hakiingii."
Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka 10 tangu utotoni, amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa naye hata "uff", neno dogo la kuonyesha kukereka. Anayeogopa kuchapwa hathubutu kufungua kinywa, na lugha bila kusema haijifunziki.

"Ni lugha ya Waislamu peke yao."
Wapo Wakristo wa Misri na Lebanon wanaosali kwa Kiarabu. Tangu 1973 ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa.

"Huku kwetu ni kigeni."
Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi ya Kiarabu, tena yenye vina. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, na habari za safari yake, zilizoandikwa kwa Kiarabu, zinamsimulia Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Mistari michache ya habari hiyo, ikirahisishwa, inatosha somo la wiki nzima kwa darasa lolote la Lindi.