Springi ikipakwa zinki haijapona bado

Wengi huamini kwamba springi ya chuma ikishapakwa zinki kwa umeme, imemalizana na kutu na itadumu. Kutu huzuiwa kweli. Lakini springi ngumu inaweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kufungwa, huku ikiwa bado inang'aa.

Chanzo ni haidrojeni. Wakati wa kuoshwa kwa asidi na kupakwa kwa umeme, atomu zake hupenya ndani ya chuma, na chuma kigumu chenye mzigo hupasuka kutokea hapo. Ndiyo maana springi hizo huokwa mara tu baada ya kupakwa, kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi. Muulize fundi kama ameioka. Kuichovya kwenye zinki iliyoyeyuka ni kubaya zaidi: joto la karibu nyuzi 450 huipunguzia ugumu wake.

Mimi ningechagua mpako wa chembe za zinki na alumini, usiotumia umeme. Springi za gari hufaa kupakwa fosfeti chini, tabaka la kemikali linaloshikilia rangi, na juu yake rangi ya unga inayopulizwa kisha kuokwa. Kagua pale mzunguko wa mwisho wa springi unapokalia kikombe chake, yaani kikalio cha chuma kinachoishikilia, maana mchanga huchubua rangi hapo na kutu huanza.