Msiba Ukiingia Kwenye Timu ya Gemu: Tunayoyaamini na Yalivyo

Timu yetu ya kutengeneza gemu ni ya watu watano, hapa Moshi, na ndani ya miezi minane tulipigwa mara tatu. Baba yangu alipooza upande mmoja. Mtoto wa mwandishi wetu wa programu alizaliwa kabla ya wakati. Kisha mchoraji wetu akafiwa na mama yake huko Rombo. Wakati huo wote tulikuwa katikati ya gemu ya kubeba ndizi kwa gari kutoka Marangu hadi soko la Kiboriloni. Nilikosea mengi, na karibu kila kosa lilitokana na jambo nililoliamini bila kulipima.

Dhana: Kiongozi ajikaze, timu isijue kwamba ameyumba

Nilificha habari ya baba kwa wiki sita. Alfajiri nilikuwa napeleka uji hospitali, saa nne asubuhi ndiyo naingia ofisini Majengo nikisema gari lilichelewa. Nikionyeshwa kazi nilisema "sawa" bila kuitazama. Kijana wetu wa sauti akaamini kwamba nimeuchukia muziki wake, akaupanga upya mara tatu. Mchoraji yeye aliona hela zimekwisha na ninaogopa kuwaambia, akaanza kuulizia kazi Arusha. Sikuwa nimemwambia yeyote uongo mkubwa. Niliwaacha tu wabahatishe, nao wakabahatisha mabaya.

Siku niliposema, maneno hayakufika hata dakika mbili: baba amepooza, mpaka mwisho wa mwezi nitakuwa hospitali hadi saa nne, mambo yote ya hatua za gemu ataamua mwandishi wa programu, na akishaamua sitarudi kupangua. Hilo la tatu ndilo viongozi wengi husahau. Watu wakijua kwamba unaumwa au unauguza lakini hawajui nani anaamua, kazi inasimama vilevile.

Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye mfereji wa nyongo mwaka 2014, na habari hiyo aliwaandikia wenye hisa mwezi huohuo wa Juni. Alipofariki Julai 2015 akiwa na miaka 55, wakurugenzi wenzake Shigeru Miyamoto na Genyo Takeda tayari walikuwa na mamlaka ya kuiwakilisha kampuni, nao wakaishika hadi Tatsumi Kimishima alipoteuliwa kuwa rais Septemba. Ikiwa kampuni ya maelfu ya watu ilihitaji kulisema jambo hilo na kuwa na wa kushika usukani, sisi watano tulio chumba kimoja tunahitaji zaidi.

Dhana: Sisi ni marafiki, mambo ya likizo ni ya makampuni makubwa

Ukimlipa mtu mshahara na ukampangia kazi, yeye ni mwajiriwa wako hata kama mlikaa dawati moja sekondari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa angalau siku nne zenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, na pia mtoto wake anapougua. Akiugua mwenyewe, sheria inampa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari.

Ila soma vizuri. Siku hizo nne ni za mzunguko mzima, si za kila msiba. Na kuuguza mzazi hakumo. Ningekuwa mwajiriwa wa mtu, wiki zangu za kupeleka uji zisingekuwa na siku hata moja ya malipo kwa kifungu hicho.

Halafu zilinganishe siku nne na msiba wa huku kwetu. Ndugu wanasubiriwa kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mazishi yanafanyika nyumbani kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na baada ya mazishi bado kuna kuanua matanga na vikao vya ukoo. Mchoraji wetu alikaa Rombo wiki tatu. Neno la sheria ni "angalau", kwa hiyo hakuna kinachokukataza kuongeza. Sisi tuliandika kwenye karatasi moja siku kumi za malipo kwa msiba wa karibu na siku tano za kuuguza mzazi, watu wote watano tukasaini. Iandikeni mapema, siku ambayo hakuna anayelia.

Dhana: Mmoja akipungua, waliobaki wanabeba mzigo wake

Hapa ndipo timu ndogo nyingi zinapovunjika, na hapa ndipo ninaposihi mtu anisikilize.

Gemu yetu ilikuwa na hatua 24 na mandhari 12, yaani picha za mahali gari linapopita, kila mandhari kwa hatua mbili. Mchoraji alipoondoka, mandhari sita zilikuwa zimebaki, na kila moja ilimchukua siku tano za kazi. Siku 30. Kwanza niliwaambia waliobaki wanunue picha mtandaoni waziunge. Mwandishi wa programu akakesha wiki nzima, naye nyumbani ana mtoto mchanga aliyetoka hospitali juzi tu. Picha hazikuoana na zetu, tukazitupa zote. Kisha nikafikiria kumleta mchoraji wa muda. Lakini mgeni lazima afundishwe mtindo, vipimo na jinsi mafaili yanavyopangwa, na wa kumfundisha ni walewale waliokwisha kuchoka.

Mwishowe niligusa kitu nilichokuwa nakilinda kuliko watu wangu, yaani gemu yenyewe. Tulifuta hatua sita. Sita nyingine tukazifanya safari za usiku: mandhari zilezile zilizokamilika, tukageuza rangi ndani ya Godot, programu tunayotengenezea gemu, na kuwasha taa za gari. Kila moja ilichukua nusu siku, zote siku tatu, na hazikumhitaji mchoraji. Barabara ya Machame niliyoiota mwaka mzima ikaondoka. Iliniuma kwelikweli. Lakini mchezaji hajui kwamba ilikuwapo, na yule dada mchoraji angelijua daima kwamba tulimpigia simu akiwa matangani.

Dhana: Wachezaji hawasubiri

Wanasubiri. Hollow Knight: Silksong, gemu ya timu ndogo ya Adelaide, Australia, ilitangazwa Februari 2019 ikatoka Septemba 2025. Lakini gemu ya Cyberpunk 2077, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, ilitoka Desemba 2020 bado ina kasoro nyingi, na wiki moja baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake la gemu, PlayStation Store, hadi Juni 2021.

Dhana: Nywila si mambo ya kuzungumzia wakati wa msiba

Kweli, wakati wa msiba si wakati wake. Ndiyo maana inabidi yazungumzwe kabla. Akaunti yetu ya Google Play, duka la programu za simu, ilikuwa kwa jina la mtu mmoja, na ufunguo wa kutia saini toleo, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba toleo ni letu, ulikuwa kwenye laptopu moja tu, ile ya mwandishi wa programu. Alipokuwa wodini na mkewe, tulikuwa na hitilafu iliyokwisha kurekebishwa lakini hakuna wa kuipandisha. Ukitumia huduma ya Google ya kutunza saini, ufunguo unaobaki nao wewe wa kupakia toleo ukipotea mwenye akaunti anaweza kuomba ubadilishwe. Lakini mwenye akaunti awepo! Siku hizi watu wawili wana ruhusa ya kutoa toleo, ufunguo una nakala mahali pa pili, na kila jioni kazi inapandishwa Git, mfumo wa kutunza kila toleo la kazi, hata kama haijaisha.

Dhana: Mpe kazi, asahau

Wengine kazi huwapumzisha, wengine huwaumiza. Ryan na Amy Green wa Marekani walikuwa wakitengeneza gemu ya That Dragon, Cancer kuhusu mtoto wao Joel aliyeugua saratani. Joel alifariki Machi 2014, nao na wenzao wakaendelea hadi ikatoka Januari 2016. Walichagua wenyewe. Mchoraji wetu aliporudi nilimuuliza anataka kuanzia wapi. Akasema, "Dada, nipe vitu vidogo, visivyo na sura za watu." Akachora mikungu ya ndizi wiki mbili.

Dhana: Rambirambi zikishafika, tumemaliza

Tulichanga, tukaenda Rombo, tukakaa chini ya turubai, tukarudi. Nikadhani tumemaliza. Mwezi wa pili, wageni wote wameondoka, ndipo alipoanza kuchelewa na kukaa kimya. Sasa kwenye kalenda ya kazi, pembeni ya tarehe za matoleo, tunaandika wiki ya sita baada ya msiba na jina la atakayekwenda kumwona mtu nyumbani kwake. Mara ya kwanza nilikwenda mimi. Nilibeba maparachichi ya mama, tukakaa barazani mpaka giza likaingia, na gemu hatukuitaja.