Kwanini meza yangu bado iko Greyhawk

Watu wakisikia naendesha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) swali la kwanza huwa ni dunia gani, nikisema Greyhawk nusu yao wananiangalia kama vile nimetoa redio ya mbao stoo. Sawa, ni ya zamani kweli, ila sio uzamani unaonivutia. Naipenda kwasababu haijamaliziwa, na hapo ndo nataka tuongee kidogo maana nimeshaendesha dunia nyingi na hii ndo inayoniachia nafasi kuliko zote.

Kwa wageni haraka haraka: mnakaa mezani, masta, yaani anayeendesha mchezo, anaeleza mnachokiona, kila mchezaji ana mhusika wake na anasema anafanya nini, kukiwa na mashaka dadu zinaamua. Dunia ya mchezo ndo zile nchi, miungu, barabara na maadui ambamo mambo yenu yanatokea.

Sasa Greyhawk haikuanza kama dunia. 1972 kule Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax alikuwa ameonyeshwa na Dave Arneson, mwenzake ambaye baadae waliitunga D&D pamoja, mchezo wake wa Blackmoor, akaenda akachora ngome yenye mahandaki chini yake ili watoto wake na marafiki waingie kutafuta hazina, na mji ukaja kwasababu watu wakitoka handakini na dhahabu lazima wapate pa kuitumia. Hapo hata D&D yenyewe ilikuwa haijachapishwa, ilitoka 1974. Nchi zingine ziliongezeka taratibu kadri wachezaji walivyotembea. Ukiangalia majina ya wachawi wakubwa wa dunia hiyo utaona utani wa watu wanaojuana: Tenser ni herufi za Ernest, mtoto wa Gygax, zimechanganywa tu, Drawmij ni Jim Ward kasomwa kinyumenyume, na Mordenkainen alikuwa mhusika wa Gygax mwenyewe. Hawa hawakutungwa ili wapambe kitabu, walichezwa, wakapanda leveli. Hiyo ladha mi naisikia mpaka leo.

Halafu 1980 TSR, kampuni iliyokuwa inachapisha D&D, ikatoa Greyhawk kama bidhaa, folio moja, yaani jalada la kukunja, yenye kijitabu cha kurasa 32 na ramani kubwa ya vipande viwili iliyochorwa na Darlene. Hiyo ramani jamani! Rangi zake, herufi zake, mpaka leo watu wanaitundika ukutani. Imegawanywa kwa pembesita ndogo ndogo, kila moja kama maili 30, kwahiyo ukiweka kidole kati ya miji miwili unajua safari itakula siku ngapi na njiani kuna msitu au milima, na safari ikiwa na siku maana yake kuna usiku wa kulala porini, na ukilala porini kuna kinachokuja. Kazi yote hiyo inafanywa na ramani, masta hajaandika hata mstari.

Na zile nchi? Kila moja imepewa aya chache tu. Anatawala nani, watu wangapi, askari wa aina gani, wanachimba nini, jirani gani hawaelewani, kwisha. Kaskazini kuna Iuz, nusu shetani ambaye ana nchi yake kabisa anaitawala. Mashariki kuna Ufalme Mkuu uliooza chini ya mfalme kichaa. Kusini magharibi kuna bahari ya vumbi ambayo zamani ilikuwa dola ya Wasuel, wao na Wabaklunish walipigana mpaka wakaangamizana kwa uchawi, na waliopona wakahamia mashariki wakachanganyika na wenyeji. Uchawi wenyewe ulikuwaje? Umepewa jina na mistari michache, basi. Wachezaji wangu walitaka kujua, ikabidi nitunge, na nilichotunga ndo ukweli wa meza yetu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Tomb of Horrors ya 1978, kijitabu cha mkasa mmoja wa kuchezwa, lile kaburi lililoua wahusika wengi sana. Gygax hakusema liko wapi. Alitoa sehemu sita zinazowezekana, kuanzia nchi ya Iuz mpaka kisiwani, masta achague mwenyewe.

Linganisha na Forgotten Realms, dunia nyingine ya D&D, ya Ed Greenwood, yule Mkanada aliyeanza kuitunga tangu utotoni, ikachapishwa na TSR 1987. Ni nzuri, siibezi, na mwanzoni nayo ilikuwa na nafasi nyingi. Ila zikaja riwaya juu ya riwaya, mpaka unakaa mezani na mchezaji anakukatiza, "hapana masta, huyo mtawala alishakufa". Sasa hapo nani anaendesha mchezo?

Greyhawk nayo iliguswa. Gygax aliondoka TSR katikati ya miaka ya 80, baadae 1991 na 1992 TSR wakaleta vita kubwa ndani ya dunia hiyo iliyobadilisha nusu ya ramani. Maandishi ya Carl Sargent ya kipindi hicho ni mazuri sana kusema ukweli, giza tupu, lakini yalijibu maswali mengi ambayo mi nilitaka nijibu mwenyewe, kwahiyo nabaki mwaka 576 wa kalenda yao, kabla ya vita. Hata kitabu cha masta cha D&D cha 2024 kilipotaka mfano wa dunia kikarudi Greyhawk, kwa kurasa chache tu na ramani.

Kuna sehemu haijazeeka vizuri lakini. Magharibi ya ramani kuna usultani wa Zeif na ukhalifa wa Ekbir, na unaona kabisa ni Uarabuni wa kwenye sinema, vilemba na farasi. Misitu ya kusini ndo usiseme, wakazi wake wameitwa washenzi na hadithi ikaishia hapo. Mwandishi mwingine angesema tuifute. Mi nikaona kwavile maelezo yenyewe ni aya mbili tatu, hakuna wa kunizuia. Ekbir ya kwetu ina bandari inayoishi kwa pepo za msimu, manahodha wanaokwama miezi wakisubiri upepo ugeuke, wanaooa huko huko, na wazee wanaodaiana tangu enzi za babu zao, na kampeni yetu nzima ya sasa, yaani hadithi ndefu tunayoicheza kikao baada ya kikao, imetokana na deni moja la mzigo wa karafuu ambao haukufika.