Laptopu Inayoharibu Faili: Dhana Potofu na Ukweli

Mpigapicha mmoja wa harusi aliniletea laptopu iliyokuwa imefomatiwa mara tatu katika miezi miwili. Alifungua folda moja akanionyesha picha ya bibi harusi: uso uko wazi, ua la nywele linaonekana hadi petali zake, halafu kuanzia kidevuni kushuka chini pote ni kijivu. Picha ya pili ilikatwa katikati na ukanda wa rangi ya waridi. Ya tatu haikufunguka kabisa. "Fundi, hii harusi haitafanywa tena," akaniambia.

Kilichonikera si ubovu wa mashine, maana mashine huharibika. Kilichonikera ni kwamba mara zote tatu alilipa, akaambiwa maneno yaleyale, na hakuna aliyepima chochote. Maneno hayo nayasikia karibu kila siku hapa mjini Nairobi, kuanzia Luthuli hadi Moi Avenue, na watu wanapoteza kazi zao kwa kuyaamini. Nitayachukua moja baada ya jingine.

"Ni virusi. Fomati tu, itapona."

Virusi vinavyodai fidia hufanya kazi kwa mpango. Hufunga faili kwa mafungu, mara nyingi hubadilisha mwisho wa majina yake, na huacha ujumbe wa kudai pesa. Haviharibu picha moja kati ya arobaini na kuziacha nyingine salama. Ukiona uharibifu usio na mpangilio, leo picha, kesho faili ya zipu inayogoma kufunguka, keshokutwa programu uliyopakua jana inakataa kusakinishwa, anza kushuku maunzi, yaani vyuma vyenyewe.

Kufomati huweka Windows mpya juu ya vyuma vilevile. Laptopu hutulia wiki mbili hivi kwa sababu haina faili nyingi za kuharibu, mwenyewe akadhani imepona, kumbe ushahidi ndio uliofutwa. Uharibifu ukirudi baada ya kufomati mara moja, hilo tayari ni jibu. Usifomati mara ya pili. Pima.

"RAM ikiwa mbovu, laptopu haiwaki."

Hii ndiyo dhana iliyomponza yule mpigapicha, na ndiyo naiona ikiwaponza wengi zaidi. RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo data hupitia kompyuta ikifanya kazi. Iliyokufa kabisa ndiyo huzuia mashine kuwaka. Iliyo na doa dogo huwaka vizuri, hufungua intaneti, hucheza video, huku ikiharibu kazi yako kimyakimya.

RAM ya GB 8 ina biti, yaani vijisehemu vya sifuri au moja, zaidi ya bilioni 68. Ikiwa moja tu imekwama, Windows inaweza kuzunguka siku nzima bila kuikanyaga. Lakini kila faili unayonakili hutoka kwenye diski, ikapita kwenye RAM, ndipo ikaandikwa upya. Ikipita juu ya ile biti mbovu, inaandikwa ikiwa na kosa, na hakuna onyo lolote. Kompyuta za seva hutumia RAM inayogundua na kusahihisha makosa yake. Laptopu nyingi hazina.

Kwenye mashine ile nilinakili faili kubwa ya maandishi mara kadhaa, kisha nikalinganisha nakala na faili asilia baiti kwa baiti (baiti moja ni biti nane) kwa amri ya Windows ya fc /b. Zilitofautiana mahali pachache tu. Mahali pamoja, neno "Asante" lilikuwa limegeuka "asante". Ukilitazama kwa jicho la kawaida utasema ni kosa la uandishi. Lakini ndani ya kompyuta herufi kubwa A ni namba 65 na a ndogo ni 97. Tofauti ni 32, na hiyo ni biti moja pekee iliyogeuka kutoka sifuri kuwa moja. Tofauti nyingine zote zilikuwa za biti ileile. Tofauti ya namna hii inanyoosha kidole kwa RAM. Kama ningekuta vipande vizima vya baiti 512 au 4096, ukubwa wa sekta, yaani visehemu ambavyo diski huandika kwa mkupuo, vimejaa sifuri, ningeanza na diski, au na stima iliyokatika faili ikiandikwa.

Nikaweka Memtest86+ kwenye flashi, nikaiwasha laptopu kutoka humo jioni, nikaiacha. Hii ni programu ya bure inayopima RAM kabla Windows haijaingia. Mzunguko wa kwanza ulipita bila kosa, na hapa ndipo wengi huzima na kutangaza kwamba RAM ni nzima. Saa saba usiku, mashine ikiwa imepata joto, mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini, yote ikitaja biti ileile.

Laptopu hiyo ilikuwa na GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi kuu ya mashine na kipande cha GB 8 kilichoongezwa baadaye. Nikakichomoa kile kilichoongezwa, nikapima hadi asubuhi: sifuri. Nikapangusa meno yake, nikakirudisha: makosa. Nikakitia kwenye laptopu nyingine ninayoiamini: makosa yakakifuata huko. Hapo ndipo nina haki ya kusema kipande ni kibovu, wala si tundu lake wala bodi. Kosa moja tu kwenye Memtest linatosha kuikataa RAM. Kipimo kilichomo ndani ya Windows kinasaidia kikikamata kosa, lakini kikisema hakuna tatizo, usiishie hapo.

"Programu imesema diski ni nzuri."

Neno "nzuri" hapo lina maana finyu sana. Diski hujitunzia kumbukumbu za afya zinazoitwa SMART, na ile hukumu ya jumla hubadilika tu baada ya kipimo fulani kuvuka kiwango alichokiweka mtengenezaji. Google ilipochapisha uchunguzi wake wa diski zaidi ya 100,000 mwaka 2007, zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote ya SMART.

Kwa hiyo nisomee namba zenyewe. Kipimo cha 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, 197 ni zile zinazosubiri kuamuliwa, 198 ni zilizoshindikana kusomeka. Namba ya 197 ikiwa juu ya sifuri na inaongezeka, mimi sihitaji hukumu nyingine. Kipimo cha 199 ni tofauti: huhesabu makosa ya njiani kati ya diski na bodi. Laptopu nyingi zenye diski za SATA (aina ya zamani ya kiunganishi cha diski) zina kebo bapa nyembamba hapo, na begi likigongwagongwa kwenye matatu mwaka mzima, kebo hulegea. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata ukibadilisha kebo, hivyo iandike leo, tumia mashine wiki moja, uone kama imepanda. Nimeona diski nzima zikitupwa kwa kosa la kebo.

Kuna jambo fundi yeyote anafaa kulishika: kila sekta ya diski ina namba za kujihakiki, kwa hiyo diski ikishindwa kusoma kwa kawaida hugoma na kutoa kosa. Diski mbovu hugoma, RAM mbovu hudanganya. Ukiwa huna zana nyingine, pata alama ya faili moja kubwa, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kwa amri ya certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Utapewa herufi na tarakimu 64. Zima, washa, rudia mara tatu. Faili haijaguswa, basi alama lazima itoke ileile. Ikibadilika, kinachodanganya ni njia ya kusoma, na RAM ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ikigoma kusoma, nenda kwenye diski.

"SSD haina kinachozunguka, haiwezi kuharibika."

SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani za kuzunguka, ni kweli, lakini seli zake huchakaa kwa kuandikwa, na kidhibiti chake huweza kufa ghafla bila kelele za kukuonya. Kwenye SSD za NVMe (aina mpya zaidi na ya kasi) tazama asilimia ya matumizi, akiba iliyobaki na hesabu ya makosa ya data. Hiyo ya mwisho inafaa kuwa sifuri.

"Laptopu ina betri, stima ikipotea si neno."

Betri ipi? Laptopu nyingi tunazonunua hapa zilitumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kutufikia, na betri zake hubaki pambo. Chomoa chaji ukiwa umewasha mashine. Ikizima papo hapo, basi kila stima inapopotea mtaani kwako faili iliyokuwa ikiandikwa inakatwa katikati. Amri ya powercfg /batteryreport itakuonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. NTFS, mfumo ambao Windows hupangia faili kwenye diski, huweka shajara ya mpangilio wa folda, kwa hiyo baada ya kuzimika jina la faili utalikuta, lakini yaliyomo ndani hayana ulinzi huo. Na betri ikiwa imevimba na kuinua kibodi, iondolewe leo.

"Chkdsk imerekebisha."

Chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, hurekebisha daftari la diski, yaani orodha ya faili zilipo, si picha zako. Vipande isivyojua ni vya nani hutupwa kwenye folda ya found.000. Ukiiendesha kwenye mashine yenye RAM mbovu, inarekebisha kwa kutumia kumbukumbu inayodanganya, na huandika upya hata palipokuwa pazima. Kwenye diski inayokufa, inaichosha saa nyingi kabla hujaokoa chochote. Nakili kwanza, kisha ndiyo urekebishe.

"Nitatoa nakala kwenye flashi, nitakuwa salama."

Nakala zilizotolewa na mashine mbovu hubeba ubovu wake. Ichomoe diski, uitie kwenye kasha la USB, unakili ukitumia kompyuta nyingine iliyo nzima. Usiandike nakala mpya juu ya ile ya zamani, kwani ya zamani huenda ndiyo pekee iliyo safi. Na ile flashi yenyewe ipime. Ziko zinazotangaza terabaiti kwa bei ya chakula cha mchana, kumbe ndani zina gigabaiti chache, na ukizijaza huandika juu ya faili zako za mwanzo. Programu za H2testw na F3 huijaza flashi yote kisha huisoma tena ili kujua ukweli.

Hivyo ndivyo nilivyofanya na diski ya mpigapicha. Picha zilizoharibika wakati wa kuandikwa hazikurudi. Kadi moja ya kamera alikuwa hajaifuta bado, na humo tukapata sehemu kubwa ya sherehe ya jioni. Siku hizi hupata alama ya picha zikiwa kwenye kadi, akazinakili, akapata alama tena kwenye diski, na kadi haifutwi hadi tarakimu zote 64 zilingane.